Safari Yetu ya Maskati

Sisi tunaokaa Luvungi tumezoea kuona watu wakipita. Barabara itokayo Bukavu kwenda Uvira yapita mlangoni petu. Magari ya mizigo yashuka mlima wa Ngomo, yavuka Kamanyola, yapumzika kwetu kidogo, kisha yaendelea kwenda Sange, Kiliba na ziwani. Upande wa mashariki twaona mto Ruzizi na milima ya Burundi. Upande wa magharibi, milima ya nchi yetu wenyewe. Katikati ni uwanda wa joto, wenye mihogo, mpunga na ng'ombe. Watu wapita, nasi twabaki.

Lakini mwaka 2023, mwezi wa Januari, zamu yetu ya kupita ilifika. Mtoto wetu wa kwanza, afanyaye kazi Dar es Salaam, alitaka kutufurahisha sisi wazazi wake, kwa kuwa tulikuwa tumetimiza miaka 40 ya ndoa. Alituuliza tungependa kuona kitu gani duniani kabla ya kuzeeka kabisa. Mmoja wetu alijibu, "Bahari." Mwingine akasema, "Na nchi ya wale waliofika kwetu pamoja na misafara, wakatuachia Kiswahili." Mtoto akacheka, akasema, "Basi mtakwenda Maskati."

Neno la Mama Mzee

Nyumbani kwetu yuko mama mmoja mwenye umri mkubwa, ambaye sote twamwita Mama Mzee. Alipopata habari ya safari hiyo hakufurahi. Alikaa kimya mchana kutwa, na jioni akatuita.

"Wanangu," alisema, "nyinyi mwajua ya kuwa bibi yangu alinilea. Alipokuwa mtoto mdogo, watu wenye bunduki walikuja uwandani. Yeye alifichwa katika matete ya mto. Dada yake mkubwa hakuwahi kufika. Walimchukua pamoja na wengine, wakashuka naye upande wa ziwa, wala hakuonekana tena. Bibi yangu alikuwa akisimulia habari hiyo akipepeta mchele, wala hakulia. Lakini kila mara alitaja jina la dada yake kwa sauti ndogo, kana kwamba angemsikia. Sasa nyinyi mwakwenda kutembea kwa wale watu. Nendeni kwa amani, siwazuii. Lakini nawatuma neno moja. Waulizeni: wanakumbuka?"

Hatukuwa na jibu. Tulipokea neno lile kama mtu apokeavyo mzigo wa mwenzake safarini, bila kujua utamwelemea namna gani.

Kinyume cha upepo

Tulishuka mpaka Uvira, tukavuka mpaka, tukafika Bujumbura, na kutoka huko tukaenda Dar es Salaam kwa mtoto wetu. Huko tuliona bahari kwa mara ya kwanza. Haifanani na Tanganyika. Ziwa letu lina ng'ambo. Hata siku ya ukungu wajua kwamba milima iko upande wa pili. Bahari haina ng'ambo kwa macho, na mtu aitazamapo huona jinsi alivyo mdogo.

Wazee wa pwani walitueleza habari ya pepo. Tangu Desemba hata Machi huvuma kaskazi, na kwa upepo huo majahazi ya Maskati na ya Sur yalikuwa yakishuka kuja Lamu, Mombasa na Unguja, yamejaa tende, papa mkavu, chumvi na nguo. Kisha, tangu Aprili, huvuma kusi, nayo majahazi yalirudi na pembe za ndovu, karafuu, boriti za mikoko, na watu. Sisi tulisafiri Januari, basi tulikwenda kinyume cha upepo. Lakini ndege haiulizi upepo. Safari iliyowachukua mabaharia majuma mengi ilituchukua saa tano na kitu.

Tuliposhuka Maskati tuliona kwamba saa ya huko imeitangulia saa ya Luvungi kwa saa mbili. Jambo la pili lilitushangaza zaidi. Tulipokuwa tukishindana juu ya sanduku letu, lipi ni letu na lipi si letu, mtu mmoja aliyevaa kanzu nyeupe na kofia iliyotariziwa aligeuka, akasema kwa Kiswahili safi, "Msihangaike, wazee wangu, lile lenye kamba nyekundu ndilo lenu, maana hakuna mwingine afungaye sanduku kwa kamba ya mbuzi." Tulicheka sote watatu. Ndiyo salamu ya kwanza tuliyoipata katika Uarabuni.

Mji ulivyo

Maskati ni mji mkuu wa Omani. Haukukaa mahali pamoja kama miji mingine, bali umenyoshwa kandokando ya bahari, mahali penye nafasi kati ya maji na milima. Milima yenyewe ni mitupu. Haina mti wala jani, ina rangi ya kahawia kama mkate uliokaa sana motoni. Sisi tuliozoea milima ya Kivu yenye migomba tuliona huruma kwanza, kama mtu aonapo mzee asiye na shuka. Baadaye macho yetu yalizoea, na jioni, jua lilipoishukia milima ile, tulikiri kwamba nayo ina uzuri wake.

Nyumba nyingi ni nyeupe, na chache tu ni ndefu. Barabara ni safi hata mtu aona haya kutupa ganda la ndizi. Mvua ni haba sana, labda siku chache tu kwa mwaka, na maji mengi wanayokunywa hutoka baharini, baada ya kuondolewa chumvi kwa mitambo. Huko bara, katika mashamba ya mitende, wangali na mifereji ya kale iitwayo aflaj, iletayo maji kutoka chini ya milima, na kila mwenye shamba hupewa zamu yake kwa saa. Mwaka 2006 mifereji mitano ya namna hiyo iliandikwa na Unesco katika urithi wa dunia. Sisi tunaogombana juu ya mifereji ya mpunga tungeweza kujifunza neno hapo.

Januari ni mwezi mwema kwa mgeni. Hewa ni baridi kidogo asubuhi, na mchana joto halizidi lile la kwetu. Lakini walituambia kwamba mwezi wa Juni joto hupita digrii 40, na usiku ukuta wa nyumba huwa wa moto kama jiko. Fedha yao ni riali, nayo imegawanyika katika baisa 1,000. Riali moja yapita dola mbili na nusu za Marekani; kwa hiyo mgeni atokaye kwetu hana budi kuhesabu mara mbili kabla ya kununua mara moja.

Wazee walitusimulia jinsi mji ulivyokuwa zamani zao. Hata mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na barabara ya lami ya kilometa 10 hivi, na shule tatu tu. Mji wa kale ulizungukwa na ukuta, na milango yake ilifungwa saa tatu baada ya jua kuchwa. Aliyetembea usiku alilazimishwa kuchukua taa mkononi. Tarehe 23 Julai 1970 Sultani Qaboos bin Said alishika utawala mahali pa baba yake, na fedha za mafuta, ambayo yalikuwa yameanza kuuzwa ng'ambo mwaka 1967, zilijenga barabara, shule na hospitali. Mwaka huo huo wa 1970 utumwa ulikatazwa katika nchi hiyo. Tuliposikia hivyo tulitazamana. Mwaka 1970! Sote wawili tulikuwa tumekwisha kuzaliwa.

Sultani Qaboos alifariki tarehe 10 Januari 2020, na Sultani Haitham bin Tariq akamrithi. Tulikuta picha za wote wawili katika maduka mengi.

Mahali pa sala

Asubuhi moja tulikwenda kuuona msikiti mkubwa wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Wageni wasio Waislamu huruhusiwa kuingia saa za asubuhi, isipokuwa siku ya Ijumaa. Wanawake hufunika nywele na mikono, wanaume huvaa suruali ndefu, na wote huvua viatu. Ndani kuna zulia moja, kipande kimoja tu, lenye urefu wa mita 70 na upana wa mita 60. Lina uzito wa tani 21, na mafundi 600 walilifuma kwa muda wa miaka minne. Juu yake yaning'inia taa ya vioo yenye kimo cha mita 14. Lakini kilichotugusa zaidi ni kimya cha mahali pale. Watoto walitembea kwa vidole vya miguu, wala hakuna aliyewakemea.

Siku ya Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya kupumzika, tulikwenda Misa katika mtaa wa Ruwi, katika kanisa la Watakatifu Petro na Paulo. Lilijengwa katika kiwanja kilichotolewa na Sultani Qaboos. Tulidhani tutakuta watu kumi, tulikuta umati. Ni Wahindi, Wafilipino na watu wa mataifa mengine mengi, waliokuja kufanya kazi majumbani, hospitalini na katika ujenzi. Mama mmoja Mfilipino alituambia kwamba hajawaona watoto wake kwa miaka mitatu. Alituonyesha picha yao katika simu, kisha akaifuta simu ile kwa kitambaa chake, ingawa haikuwa na vumbi. Mwezi mmoja baada ya safari yetu, Februari 2023, Omani na Vatikani zilipatana kupelekeana mabalozi.

Majina juu ya miamba

Siku ya nne tulikwenda Maskati yenyewe, yaani mji wa kale. Ni ghuba ndogo iliyozungukwa na miamba. Jumba la Sultani liitwalo Al Alam liko katikati, lenye nguzo za rangi ya samawati na dhahabu. Na pande mbili za jumba, juu ya miamba, zimesimama ngome mbili, Al Jalali na Al Mirani. Wareno waliuteka mji huo mwaka 1507, wakajenga ngome hizo katika miaka ya 1580 na kitu, na Waomani wakawafukuza mwaka 1650. Kisha waliwafuata hata pwani yetu ya Afrika, na mwaka 1698 waliwatoa katika ngome ya Mombasa. Basi ndivyo Omani ilivyoingia katika mambo ya Afrika ya Mashariki. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806 hata alipofariki baharini mwaka 1856, aliipenda Unguja hata akahamia huko na serikali yake.

Tuliingia katika nyumba ya makumbusho ya taifa, iliyofunguliwa mwaka 2016, mbele ya jumba la Sultani. Tuliona majambia ya fedha, mifano ya majahazi, maandiko ya kale, na milango yenye nakshi kama ile ya Unguja. Tulitembea polepole tukitafuta neno la Mama Mzee. Habari za meli tulizikuta nyingi, na za bidhaa pia. Habari za wale waliokuwa chini katika meli tuliziona chache mno.

Tulipotoka, kijana mmoja wa mji alituonyesha miamba ya bandari. Tangu zamani mabaharia wa meli za kigeni walikuwa na desturi ya kupanda huko na kuandika kwa rangi majina ya meli zao. Majina mengine yangali yasomeka. Tulisimama tukiyasoma moja moja kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza. Kisha mmoja wetu alisema, "Hata meli zina majina." Hatukuendelea na maneno hayo siku ile.

Mzee wa Mutrah

Karibu na mji wa kale iko Mutrah, penye bandari na soko. Barabara ya pwani yake ni nzuri kwa matembezi ya jioni. Soko lenyewe ni vichochoro vilivyofunikwa juu, vyenye maduka madogo ya vitambaa, fedha, viungo, tende na halua. Pote panuka ubani. Ubani ni utomvu wa mti umeao kusini mwa nchi hiyo, upande wa Dhofar. Mafundi huchanja gome la mti, utomvu hutoka kama machozi na kukauka, nao hukusanywa. Ule mweupe wenye rangi ya kijani kidogo ndio wenye bei. Tangu kale ulipelekwa nchi za mbali. Na sisi Wakristo twaukumbuka kila mwaka tunaposimulia zawadi za Mamajusi.

Tulisimama mbele ya duka moja tukishauriana kwa Kiswahili juu ya bei. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo mlangoni, amevaa kanzu na kilemba, na fimbo iko kati ya magoti. Alitusikiliza kitambo, kisha akauliza, "Kiswahili hicho si cha Unguja wala cha Mombasa. Mwatoka wapi, wanangu?"

"Mzee wetu, twatoka Kongo."

"Kongo ni kubwa. Kongo wapi?"

"Kivu. Uwanda wa Ruzizi. Luvungi."

Mzee yule alisimama. Ilimchukua muda, maana magoti yake hayakuwa na nguvu. Akasema, "Mimi nilizaliwa Uvira."

Akawafukuza wajukuu zake kutoka katika viti viwili, akatuketisha, akaita kahawa na tende. Akatuuliza habari za Uvira, za mto Kalimabenge, za samaki, za maembe, na kama Bujumbura wangali wakicheza mpira Buyenzi. Alikuwa na machozi na kicheko pamoja. Alitueleza kwamba baba yake alikuwa na duka Uvira. Yeye mwenyewe alifika Omani mwaka 1974, pamoja na wengi waliotoka Unguja, Burundi, Rwanda na Kongo. Waomani wengi walikimbia Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964, lakini sultani wa zamani hakuwafungulia watu mlango kwa urahisi. Sultani Qaboos ndiye aliyewaita, kwa sababu nchi ilihitaji watu waliosoma. Hivyo Kiswahili, na hata Kifaransa cha shule za masista na mabruda, kiliingia katika ofisi za Maskati.

"Uvira waliniita Mwarabu," alisema. "Nilipofika hapa waliniita Mswahili. Nilikaa miaka mitano kabla ya kujua Kiarabu cha kutosha kununua samaki bila kuchekwa."

Tulicheka naye. Kisha tukanyamaza, kwa kuwa tulijua kwamba saa ya neno la Mama Mzee imefika. Haikuwa vyepesi. Kahawa yake ilikuwa mikononi mwetu. Mmoja wetu alifikiri afadhali tuondoke kwa amani na kumwambia Mama Mzee kwamba hatukupata mtu. Lakini mwingine alikuwa amekwisha kufungua kinywa.

"Mzee wetu, usikasirike. Nyumbani tuna mama mzee, na bibi yake alifichwa matetani siku ya wenye bunduki. Dada wa bibi huyo alichukuliwa. Mama ametutuma tuulize neno moja: je, mnakumbuka?"

Mzee hakukasirika. Aliweka kikombe chini. Alitazama wajukuu zake, akawaambia kwa Kiarabu waende ndani. Kisha akasema polepole:

"Mwanangu, umeniuliza jambo ambalo watu wa hapa hawaulizani. Babu yangu alifika Ujiji pamoja na misafara ya pembe, zamani za Rumaliza. Hiyo wanaijua wote, na wengine hujisifu. Lakini mama mzaa baba yangu hakuja na msafara kutoka pwani. Yeye alitoka huko huko kwenu, bara ya ziwa. Alitwaliwa mtoto. Babu alimfanya suria. Mwajua sheria: mtoto wa suria ni mtoto wa baba yake, huru, na wa ukoo wa baba, na mama yake huwa huru bwana afapo. Ndiyo maana mimi ni Mwarabu. Sasa wauliza kama tunakumbuka. Mimi ni mjukuu wa aliyechukua na wa aliyechukuliwa. Nikikumbuka kwa upande mmoja, upande mwingine hulia. Basi wengi huchagua kunyamaza. Lakini mwambieni mama yenu kwamba yuko mtu mmoja Mutrah akumbukaye."

Akaingia dukani kwa mwenzake, akarudi na mfuko wa ubani, ule mzuri. Tulitaka kulipa, akakataa kwa fimbo. "Si wa kuuza. Ni wa mama." Tukaandikiana nambari za simu, tukaagana. Alitusindikiza mpaka mwisho wa kichochoro, ingawa magoti yake yalimwuma.

Jambo ambalo hatukuuliza

Wasomaji wapenzi, historia ya uwanda wetu si ngeni kwenu. Wazungu Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, walikuta kwamba wafanya biashara wa pwani wamekwisha kuijua njia. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walifika mahali Ruzizi iingiapo ziwani. Tangu 1883 mapadre wa Kardinali Lavigerie walikuwa Kibanga, kando ya ziwa, wakiwakomboa watoto waliouzwa. Na kutoka 1892 hata 1894 vilipiganwa vita vilivyovunja nguvu za wenye misafara. Ni haki tuseme pia kwamba wengi wa wale waliokuja na bunduki hawakuwa Waarabu. Walikuwa watu weusi kama sisi, wa pwani na wa Manyema, na machifu wengine wa bara waliuza jirani zao. Nao waliowafukuza wenye misafara walileta baadaye kodi ya mpira na kiboko. Hakuna taifa liwezalo kunawa mikono yake katika maji haya na kuitoa safi.

Mambo hayo tulikuwa tumeyatayarisha kumweleza Mama Mzee tutakapofika. Tulifika Luvungi usiku. Asubuhi tulimpa ubani, tukamsimulia yote: miamba, ngome, zulia, na mwisho mzee wa Mutrah. Alisikiliza bila kutukatiza. Alichukua kipande kimoja cha ubani, akakiweka juu ya makaa, akanusa moshi wake. Tulidhani amefurahi. Ndipo akauliza:

"Na yule mama, bibi yake huyo mzee, jina lake nani?"

Tulitazamana. Hatukuuliza.

"Mmekunywa kahawa yake," alisema, "mmepokea zawadi yake, mmesikia habari za babu yake na za sultani wake, wala hamkuuliza jina la yule mtoto." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aonyeshaye doa katika shati la mwenzake.

Siku ile ile tulipanda mahali simu ishikapo vizuri, tukampigia mzee. Alinyamaza kidogo, kisha akataja jina. Lilikuwa jina la ua, Kiswahili cha pwani, kama mabwana walivyozoea kuwapa wasichana waliowanunua. "Hilo ndilo tulilomwita," alisema. "Jina la kwao alikuwa nalo, bila shaka. Baba yangu alimwuliza zaidi ya mara moja. Alikataa kulitaja. Alisema kwamba hicho ndicho kitu pekee ambacho hawakumnyang'anya."

Tulirudi na habari hiyo. Mama Mzee alikaa kimya kwa muda mrefu. Hakusema kwamba yule ni dada wa bibi yake. Yeye ana akili, ajua kwamba waliochukuliwa walikuwa maelfu. Alisema tu, "Basi yule naye alilificha matetani."

Mwaka ule, tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, tuliandika majina ya wafu wetu katika karatasi ya kanisani kama ilivyo desturi. Mama Mzee alituagiza tuandike jina la dada wa bibi yake, na chini yake maneno haya: "Na yule wa Mutrah, ambaye jina lake Mungu alijua." Mzee wa Mutrah ni Mwislamu, lakini tulimpigia simu kumwarifu. Alisema, "Amina," kisha akakata simu upesi, kama wazee wafanyavyo wasipotaka sauti yao isikike.

Tangu hapo mambo mengi yamepita. Mwaka 2025 vita viliuangukia tena mkoa wetu, na mji wa Bukavu ulitwaliwa mwezi wa Februari. Watoto wengine wamekimbia, wengine wamefichwa, na wengine hawakuwahi kufika. Kwa hiyo habari hii si ya zamani tu. Tukiwaandikia juu ya Maskati, si kwa kusudi la kuwaonyesha kwamba tulipanda ndege. Ni kwa kuwa tulikwenda mbali sana kuuliza kama wengine wanakumbuka, na tuliporudi tukaona kwamba sisi wenyewe tulikuwa tumesahau kuuliza jina.

Basi, enyi wazazi, mkipata nafasi ya kusafiri, safirini; dunia ni kubwa na watu wake wengi ni wakarimu. Tazameni ngome na misikiti, onjeni halua, vueni viatu mahali pa kuvua. Lakini jioni hii, kabla ya taa kuzimwa, waulizeni wazee wenu majina ya wale waliopotea katika ukoo wenu, myaandike katika daftari. Mfuko wa ubani wa Mutrah haujaisha. Mama Mzee huuchoma kidogo kidogo, kipande kimoja kwa kila jina.